Gongo haitibu kifua: niliyojifunza kwenye mialo ya Mwanza

Kwenye mialo ya huku kwetu Ziwa Victoria, yaani fukwe zinakofikia mitumbwi ya wavuvi, kuanzia Igombe hadi Kayenze na visiwa vilivyo mbele yake, kuna dawa moja inayopendekezwa kwa kila ugonjwa unaoanza na baridi. Mtu akikohoa anaambiwa apige kali kidogo, yaani pombe kali, hasa gongo inayopikwa kienyeji. Akihisi homa inamnyemelea, kali. Akirudi ziwani alfajiri meno yanagongana, kali. Na sababu ni ileile: pombe kali inaua wadudu. Nimeisikia kwa wavuvi, kwa akina mama wanaoanika dagaa, kwa wazee wenye heshima zao, na hata kwa watu waliosoma. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yangu kubwa ni kuwatafuta wanaokohoa muda mrefu, kuwapa vikopo vya makohozi, kuvifikisha kituoni, kisha kufuatilia dozi za wale wanaokutwa na kifua kikuu. Naandika haya kwa sababu imani hiyo imewachelewesha hospitali watu wengi ninaowapenda, mmoja wao mdogo wangu wa tumbo moja.

Asiyejua maisha ya dagaa anaweza kudhani mvuvi analewa kila siku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Wakati wa giza mitumbwi inaondoka jioni na kurudi asubuhi, na aliyelewa chakari hafai kazini, tajiri mwenyewe, yaani mwenye mitumbwi, hamtaki. Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati tena taa. Mitumbwi inavutwa mchangani, mahesabu yanapigwa, kila mmoja anachukua mgao wake, na hapo ndipo vilabu vinafurika. Kuna watu wanaokunywa siku kadhaa mfululizo: wakiamka mikono inatetemeka, wanazimua, wanaendelea. Kwa hiyo pombe ya kambini ina mitindo miwili. Kidogo kidogo wakati wa giza, eti ya kufukuza baridi, na nyingi kwa mpigo mwezi ukiangaza. Kinga ya mwili inaumizwa na mitindo yote miwili.

Hiyo ya kufukuza baridi niimalize haraka. Pombe inatanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inakuja juu, na mtu anahisi joto. Joto hilo ndilo linalomtoka. Katikati ya ziwa saa tisa usiku, nguo zimelowa, aliyekunywa anapoza mwili wake haraka kuliko mwenzake ambaye hakunywa, ila yeye hajisikii hivyo. Basi.

Mdogo wangu alianza na dagaa, akahamia migonzo ya sangara, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Kijana wa kifua kipana, hakuwahi kulazwa tangu utotoni. Msimu mmoja wa mvua akapata nimonia, akalazwa, akachomwa sindano, akapona. Baada ya miezi michache nimonia ikarudi. Daktari aliyemhudumia safari hiyo, mtu mpole wa maneno machache, akamuuliza anakunywa nini na kwa kiasi gani. Mdogo wangu akajibu, “Kawaida tu, daktari.” Daktari akavuta karatasi, akamwambia, “Kawaida haina kipimo, mdogo wangu. Tuhesabu.”

Ile hesabu ninaitumia hadi leo kambini. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Bia tatu ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa ni unywaji mkubwa wa mpigo. Wengi hushtuka wakisikia, maana bia tatu kwao ni za kufungulia mazungumzo. Gongo ni shida zaidi kwa sababu haina lebo. Anayeipika hajui ina asilimia ngapi, anayeiuza hajui, na mnywaji anapima kwa namna inavyochoma. Mdogo wangu alikuwa akinywa glasi ya kwanza kabla ya chai ya asubuhi, na hiyo hakuihesabu kabisa mpaka daktari alipomuuliza siku yake inaanzaje.

Halafu daktari akatueleza sababu ya nimonia kumzoea. Njia ya hewa imeotwa na vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kusukuma juu uchafu na makohozi ili tuyateme. Kwa mtu anayekunywa sana kwa muda mrefu, vinyweleo hivyo vinazubaa. Mtu akilewa hadi kuzimika, koo nalo linapoteza wepesi wa kukohoa, hivyo mate na matapishi yaliyojaa bakteria yanateremka mapafuni akiwa usingizini. Bakteria wakifika ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, wanapaswa kukutana na chembe kubwa za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo humeza kijidudu na kukiua. Kilevi kinazidhoofisha: zinameza polepole, na kilichomezwa hakiuawi vizuri. Msaada nao unachelewa, kwa sababu uboho wa mifupa, unakotengenezwa chembe nyeupe za damu, haumudu kuzitoa kwa wingi na kwa haraka inavyotakiwa. Kwa hiyo bakteria ambaye kwa jirani angeishia kooni tu, kwa mdogo wangu alifika chini na kukaa.

Alipunguza kwa muda. Mbalamwezi zikapita, marafiki ni walewale, akarudi palepale. Safari ya tatu kikohozi hakikuja na homa kali kama nimonia. Kilikuja taratibu, na jasho la usiku lililolowesha shuka, na suruali iliyoanza kuhitaji mkanda. Nilipomwambia atoe makohozi, alinijibu jambo ambalo nimelisikia tena kwa wengine wengi: “Dada, nikipata glasi moja jioni, kifua kinatulia kabisa. Hiyo ni TB gani inayotibiwa na gongo?”

Hapa naomba msomaji tuende polepole, maana ndipo watu wanapopotelea. Ni kweli kifua kilikuwa kinatulia. Alikuwa hasemi uongo. Lakini kukohoa ni namna ya mwili kujisafisha, na pombe inaifubaza ile amri ya kukohoa. Makohozi yanabaki pale pale, kijidudu kinabaki pale pale na kinaendelea kuzaliana, ila mwenye kifua hasumbuliwi tena usiku. Ndugu walio kando ya kitanda wanafurahi kwamba amelala. Nimekutana na familia zilizompa mgonjwa kali kwa upendo kabisa, wakiona anapata nafuu, na kumbe kilichopungua ni kelele tu.

Nilimpa kikopo. Nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza yeyote: asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini kabisa, na ninachotaka ni makohozi mazito, mate hayanisaidii. Majibu yalipotoka, alikuwa na kifua kikuu.

Nesi wa kliniki akatuambia jambo ambalo lilimtoa mdogo wangu kwenye lile swali la nani kamwambukiza. Karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuingiwa na bakteria wa kifua kikuu, yule yule aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Wengi wao hawataugua maisha yao yote. Kati ya watu 100 walioambukizwa, ni kama 5 hadi 10 tu ndio wanaokuja kuugua. Kinachowakinga wengine ni chembe za kinga zinazomzunguka yule bakteria na kumfungia ndani ya pafu, miaka na miaka. Kinga ikilegea, anatoka. Virusi vya UKIMWI vinailegeza, utapiamlo unailegeza, kisukari kinailegeza, na pombe nyingi inailegeza: wanaokunywa kupita kiasi wana uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara tatu hivi zaidi ya wengine. “Inawezekana umeubeba tangu utoto,” nesi akamwambia. “Sasa umeupa nafasi.”

Na kilabu chenyewe kinasaidia maambukizi. Fikiria chumba cha mabati, dirisha dogo, watu wamekaa bega kwa bega tangu adhuhuri hadi usiku, mmoja anakohoa. Watu wanaogopa kuchangia glasi, wakati kifua kikuu hakiambukizwi kwa glasi. Kinaambukizwa kwa hewa. Ningekuwa na uwezo ningemwambia kila mwenye kilabu atoboe madirisha mawili makubwa yanayotazamana, kabla hata hatujaanza kuzungumzia pombe.

Turudi kwenye wadudu. Wakati wa korona habari ya pombe kali kuua virusi ilishika kasi mno, na watu walikuwa na hoja: mbona vitakasa mikono vimetengenezwa kwa pombe? Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni sahihi. Kilevi kinaua vijidudu vingi juu ya ngozi, ilimradi kiwe na nguvu ya asilimia 60 au zaidi na kikae mkononi mpaka kikauke. Ndani ya mwili hesabu inabadilika. Unachomeza kinachanganyika na maji ya mwili mzima. Mtu aliyelewa kiasi cha kuzimika, wa kubebwa na wenzake, damu yake ina kilevi kama gramu 3 kwa lita, yaani asilimia 0.3. Linganisha na ile 60. Mtu atakufa kwa pombe muda mrefu kabla damu yake haijafikia nguvu ya kumuua bakteria mmoja aliyejificha pafuni. Nimegundua wavuvi wanaielewa hoja hii upesi kuliko mahubiri yoyote, kwa sababu wao ni watu wa hesabu: wanagawana mafuta, barafu, mgao na deni kila mwezi bila kukosea.

Kuna kijana mmoja wa migonzo ambaye ndoano ilimchana kiganja, kidonda kirefu kutoka chini ya kidole gumba. Akamimina gongo juu ya kidonda, kisha ile iliyobaki akainywa, na akaendelea kunywa siku zile kwa sababu hakuweza kuvuta kamba. Nilipomwona, kiganja kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na ngozi ya kingo za kidonda imeanza kuwa nyeupe na kuachia. Mwenzake wa mtumbwi uleule, aliyechanwa karibu wakati mmoja, alikuwa ameosha kwa sabuni na maji safi, akafunga, na kidonda kilikuwa kimeshikana. Sisemi tofauti ile ilitokana na pombe peke yake; vidonda havifanani. Lakini inajulikana kitabibu kwamba vidonda vya mnywaji vinachelewa kufunga na vinapata maambukizi kwa urahisi zaidi. Na si lazima uwe mlevi wa miaka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uliwachukua vijana wenye afya, wakanyweshwa pombe kali ya kutosha kulewa kwa mkupuo mmoja, kisha damu yao ikapimwa. Dakika 20 baadaye kinga ilionekana kuchachamaa. Saa 2 na saa 5 baadaye ilikuwa imeshuka: aina kadhaa za chembe nyeupe zilizokuwa zikizunguka kwenye damu zilipungua. Hao walikunywa mara moja tu. Mvuvi wa mbalamwezi hampi mwili wake nafasi ya kurudi kabla hajanywa tena.

Kuhusu tumbo na ini, huwa natumia maneno ya yule daktari kwa sababu sijapata mazuri zaidi. Alimwambia mdogo wangu: “Ukuta wa utumbo wako ni kama wavu wenye macho madogo, unaachia chakula kipite, unazuia uchafu. Pombe inaupanua macho.” Bakteria waliomo tumboni wana sumu ambayo ikibaki humo haina neno. Ukuta ukilegea, sumu hiyo inaingia kwenye damu na kituo chake cha kwanza ni ini. Ini linawaka, kinga inaamshwa, na kwa kuwa pombe haikomi, kinga inabaki imeamka usiku na mchana kwa adui asiyeisha. Ndiyo maana mnywaji anaweza kuwa na mwili unaouma na kuchoka siku zote, huku bakteria wa kweli akija anakuta ulinzi umechoka. Watu hudhani kinga inashuka tu kama mafuta kwenye tangi, lakini ndani ya mwili wa mnywaji inawaka pasipohitajika na kupungua panapohitajika, vyote kwa wakati mmoja.

Kwetu ziwani ini lina mzigo wa pili: kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yake yanakwama kwenye ini na kuacha makovu, na mtu anayeingia majini kila siku tangu utoto amekusanya makovu hayo bila kujua. Makovu yakizidi, damu haipiti vizuri kwenye ini, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja mtu anatapika damu. Watu hukimbilia kusema karogwa. Vidonge vya prazikwanteli vinaua minyoo hiyo, na ni vya kumeza tu. Mtu mwenye ini la namna hiyo akiongeza gongo juu yake, anakiumiza kiungo kilekile mara mbili, kiungo ambacho pia ndicho kinachotengeneza protini nyingi za damu zinazosaidia kupambana na maambukizi. Kwa hiyo ninapomwona mvuvi mwenye kikohozi namuuliza pia kuhusu tumbo, kinyesi chenye damu, na mara ya mwisho alimeza lini dawa za kichocho.

Habari ya chakula ni fupi na inauma. Mgao ukiingia kilabuni, hauingii sokoni. Pombe inashibisha kwa uongo, inaharibu ufyonzwaji wa vitamini na madini kama zinki, na chembe za kinga zinatengenezwa kwa chakula hichohicho kinachokosekana. Inashangaza na kusikitisha kumwona mtu anayeshika samaki usiku kucha akila ugali kwa chumvi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nianze kuandika, nacho ni dozi.

Matibabu ya kifua kikuu nchini kwetu ni bure, na kwa kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Wengi hawajui kwamba utaratibu wa kumsimamia mgonjwa akimeza dawa na kuandika kila kitu kwenye rejista, ambao baadaye ulisambazwa duniani, ulifanyiwa kazi kwa kiasi kikubwa hapa Tanzania, chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977, ukiongozwa kitaalamu na daktari Karel Styblo. Najivunia hilo kila ninapofungua daftari langu.

Dawa tatu kati ya zile nne, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kulisumbua ini. Pombe inaongeza hatari hiyo. Kwa hiyo agizo linalotolewa kila mahali ni: usichanganye dawa na pombe. Agizo ni la kweli. Lakini sikiliza linavyofika kambini. Ijumaa mtu anajua kesho atakunywa. Ameambiwa asichanganye. Basi anaacha dawa. Anaacha Jumamosi, anaacha Jumapili, Jumatatu bado kichwa kinauma, anameza Jumanne, na moyoni anajiona mtiifu. Nimeliona hilo kwa wanaotumia ARV vilevile: dada mmoja anayeuza samaki wa kukaanga alikuwa akiacha vidonge kila siku anayokunywa bia, akiamini analilinda ini lake. Kumbe dawa zinazorukwarukwa ndizo zinazowafundisha bakteria na virusi usugu, na kifua kikuu sugu ni ugonjwa mwingine kabisa kwa uzito wa matibabu yake.

Nesi aliyemhudumia mdogo wangu alikuwa na namna yake ya kulisema, na naona kila mhudumu angeisema hivyo. Alimwambia: “Ningependa usinywe kabisa hii miezi 6. Ukishindwa, niambie ukweli, sitakufokea. Ila vidonge usiache hata siku moja bila mimi kujua.” Akampima ini. Akamweleza cha kuangalia: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa wa kahawia iliyokolea, kichefuchefu kisichoisha, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Akiona lolote kati ya hayo aje siku hiyohiyo. Na akamwonya mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa ya rangi ya machungwa, hilo lisimtishe. Lilimtisha hata hivyo. Alikuja kwangu asubuhi ya kwanza na mkojo ndani ya chupa ya maji, ameishika juu ya jua, uso umemshuka. “Dada, hii ndiyo ile au ni ile nyingine?” Ilikuwa ndiyo ile. Swali lenyewe lilinipa tumaini, kwa sababu mtu anayeuliza tofauti ya rangi mbili ameamua kuishi.

Kuna la kuacha ghafla pia. Mzee mmoja wa kambi ya jirani, mnywaji wa gongo wa asubuhi hadi jioni, alianzishiwa dawa na akaapa mbele ya wanawe kwamba hatagusa tena. Alikuwa mkweli. Siku ya tatu akaanza kutetemeka mwili mzima, jasho, anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu waliokwisha kufa, kisha akapata degedege. Majirani wakasema majini ya ziwa. Wanawe walimkimbiza hospitali, akapewa vitamini B1 na dawa za kutuliza, akarudi kwenye akili zake. Mwili uliozoea kilevi kila siku ukinyimwa kwa ghafla unaweza kufanya hivyo, na inaweza kuua. Kwa hiyo siku hizi swali langu kwa kila anayekunywa sana ni moja kabla ya yote: “Usipokunywa asubuhi, mikono inatetemeka?” Akisema ndiyo, simwambii aache leo peke yake nyumbani. Naenda naye kituoni, aachishwe kwa uangalizi.

Nilikwenda pia kwa mama anayeuza. Gongo ni haramu kisheria, yeye anajua na mimi najua. Na baada ya pombe za viroba, zile za vifuko vidogo vya plastiki, kupigwa marufuku Machi 2017 wateja wengine walihamia kwake. Nilimsalimia, “Shikamoo mama,” akaitikia huku akinipima kwa macho. Nikamweleza sikuja kumchongea. Nilitaka aniambie nani anakohoa. Alikaa kimya, kisha akasema, “Mwanangu, hawa ndio wanaonisomeshea watoto. Wakifa nani ataninunulia?” Sikufurahia hoja hiyo, lakini kutoka hapo ndiye amenipelekea wagonjwa wengi kuliko kiongozi yeyote wa mtaa. Anawajua kwa kikohozi. Anajua nani ameanza kuvaa koti mchana. Vikopo vyangu vinakaa kwake kwenye ndoo yenye mfuniko, na anawaambia wateja: “Kesho asubuhi, kabla hujaja kuzimua, temea humu.”

Mdogo wangu alimaliza miezi 6. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Gongo ameiacha, bia bado anakunywa mara mojamoja, na sitasema uongo kwamba ameacha yote. Anajua msimamo wangu, anajua pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Ananijibu kwamba anapunguza. Uzito umerudi, ule mkanda ameacha kuufunga tundu la mwisho, na hajapata nimonia tena. Ini na utumbo vya mtu ambaye hajafika mbali huanza kujirekebisha ndani ya wiki chache akipumzika pombe, na mimi nimeiona nafuu hiyo kwenye sura yake kabla sijaiona kwenye karatasi ya majibu.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la chai. Alisema wavuvi hawataacha kali wakati wa giza kama hakuna kitu cha moto mkononi saa tisa usiku. Tajiri wake akakubali kununua chupa za chai kubwa, moja kwa kila mtumbwi, na sukari na tangawizi vikaingizwa kwenye posho pamoja na unga. Kali haikwisha kwenye mitumbwi ile, ila imepungua sana. Mbalamwezi iliyopita tajiri wa kambi ya pili alinifuata Mwaloni Kirumba, kwenye magunia ya dagaa, akaniuliza sukari ya giza zima inagharimu kiasi gani kwa mitumbwi yake. Tukakaa juu ya gunia, akatoa kalamu, tukaanza kupiga hesabu.